Kuchagua toleo la pikapu ya umeme kwa kazi ya mizigo, na kuufunga mzigo usihame

Kwenye yadi ya muuzaji wa magari Marekani, Ford F-150 Lightning huweza kusimama nne kwa mstari mmoja: Pro, XLT, Lariat na Platinum. Kwa mbali zinafanana. Jicho hukimbilia ile ya bei kubwa, yenye viti vya ngozi na rimu za inchi 22. Lakini kama gari ni la kubebea simenti, friji, jenereta au vyombo vya watu wanaohama nyumba, anza kutazama kutoka upande wa bei ndogo. Kwenye pikapu za umeme betri ni nzito, na kila anasa inayoongezwa juu yake hupunguza kilo za mzigo. Toleo la bei ya juu mara nyingi hubeba kidogo kuliko la bei ya chini.

Mwongozo huu unaifuata zaidi Lightning, ambayo ilianza kuundwa Dearborn, Michigan, Aprili 2022, na sasa nyingi zinapatikana zikiwa zimeshatumika. Pikapu nyingine za umeme, Silverado EV ya Chevrolet, Cybertruck ya Tesla na R1T ya Rivian, zitaguswa pale zinapohitaji mkono tofauti. Nenda na futi ya kupimia, tochi na kalamu.

Hatua ya 1: Soma kibandiko cha mlango wa dereva

Kabla ya kitu kingine, fungua mlango wa dereva na utazame kwenye nguzo ya mwili wa gari. Kuna kibandiko cha upepo wa matairi kinachotaja pia uzito wa juu wa watu na mizigo kwa pamoja. Namba hiyo ni ya gari hilohilo lililo mbele yako, kama lilivyotoka kiwandani. Kijitabu cha mauzo hutaja namba ya gari jepesi kuliko yote ya aina hiyo: pauni 2,235 (kilo 1,014) kwa Lightning yenye betri ndogo, na pauni 1,952 (kilo 885) kwa yenye betri kubwa. Ongeza rimu kubwa, paa la kioo na viti vyenye mota, na gari linaondoka mbali na namba hizo. Magari mawili ya XLT ya mwaka mmoja yanaweza kuwa na vibandiko tofauti. Vipige picha vyote kabla ya kuanza kuzungumza bei.

Sasa piga hesabu ya kweli. Tuseme kibandiko kinasema pauni 1,800. Toa watu wawili, pauni 350. Toa sanduku la vifaa, 120. Toa kifuniko cha bodi (sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo) ulichoongeza, 60. Zimebaki pauni 1,270, yaani kilo 576 hivi. Mfuko wa simenti wa Marekani una pauni 94, kwa hiyo unapakia mifuko 13. Wa 14 unapita kiwango, hata kama bodi bado lina nafasi kubwa.

Ukivuta trela hesabu inabadilika tena, na hapa ndipo wengi huumia. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela lililopakiwa hukaa juu ya ndoano, na uzito huo huhesabiwa kama mzigo wa gari. Trela la pauni 6,000 hukalia ndoano kwa pauni 600 hadi 900. Likikaa kwa 900, zile 1,270 zinabaki 370: mifuko mitatu ya simenti. Dalili za kuzidisha ni pua ya gari kuinuka, taa za mbele kumulika juu, usukani kuwa mwepesi na matairi ya nyuma kupata moto. Ukiwa na shaka, ingia kwenye mzani wa malori barabarani, kama CAT Scale, upime uzito wa kila ekseli, kisha ulinganishe na kiwango cha ekseli kilichoandikwa kwenye kibandiko cha pili hapohapo mlangoni. Unaweza kuwa ndani ya uzito wa jumla huku ekseli ya nyuma peke yake imezidiwa.

Hatua ya 2: Linganisha yale yanayogusa mzigo tu

Bodi ni lilelile kwenye matoleo yote ya Lightning: urefu inchi 67.1 (sentimita 170), kina inchi 21.4 (sentimita 54), na kati ya matuta ya magurudumu inchi 50.6 (sentimita 128). Hakuna fedha utakayoongeza ikakupatia bodi refu zaidi. Plaiwudi ya futi 4 kwa 8 inalala bapa kati ya matuta, lakini inazidi urefu wa sakafu kwa sentimita 73 hivi, kwa hiyo geti la nyuma litakuwa wazi na mbao zifungwe kwa namna ya mzigo uliochomoza.

Betri ndogo ina kilowati-saa (kWh) 98 za kutumika na kubwa 131. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, Pro ya 2022 yenye betri ndogo iliandikiwa maili 230 (kilomita 370), XLT na Lariat zenye kubwa maili 320 (kilomita 515), na Platinum, kwa betri ileile kubwa, maili 300. Mtu wa kazi za mjini anayechaji nyumbani kila usiku afikirie sana betri ndogo, kwa sababu anachopoteza kwenye masafa anakipata kwenye kilo.

Umeme wa kutoa nje ndio tofauti yenye thamani zaidi kwa fundi. Pro na XLT huja na kilowati (kW) 2.4, zinazotosha msumeno, drili na taa. Lariat na Platinum huja na kW 9.6: 2.4 kwenye buti ya mbele (nafasi ya mizigo iliyo chini ya boneti), na 7.2 kwenye kabini na bodi, pamoja na soketi moja ya volti 240 kwenye ukuta wa bodi. Matoleo ya chini yaliweza kuagizwa na mfumo huo mkubwa, kwa hiyo usiulize jina la toleo. Tazama kama soketi ya volti 240 ipo bodini, kisha chomeka kifaa uone kinafanya kazi. Angalizo kwa mwenye mashine aliyoitoa Nairobi au Dar es Salaam: soketi za kawaida za Marekani ni volti 120, na hata ile ya 240 hutoa mizunguko 60 kwa sekunde badala ya 50. Mota iliyotengenezwa kwa 50 itazunguka kwa kasi iliyozidi karibu asilimia 20, na si kila pampu au kompresa inavumilia.

Buti ya mbele ina lita 400 na hubeba pauni 400 (kilo 181), tena ina tundu la kutolea maji. Nayo imo ndani ya ile namba ya kibandiko, si nyongeza. Ni mahali pazuri pa vifaa vizito vidogo, kwa kuwa huweka uzito mbele na hufungwa kwa kufuli. Usiweke humo dumu la petroli wala mtungi wa gesi: ni chumba kilichofungwa chenye soketi za umeme.

Uwezo wa kuvuta una mtego. Pauni 10,000 hupatikana kwa betri kubwa pamoja na kifurushi cha kuvuta cha kiwandani. Betri ndogo bila kifurushi huvuta 5,000, ikiwa nacho 7,700. Platinum, iliyo ghali kuliko zote, huishia 8,500. Gari lililotumika likikosa karatasi ya dirishani ya kiwandani inayoorodhesha vifurushi, mwambie muuzaji aitafute kwa namba ya chasisi kabla hujalipa.

Kuhusu nyingine kwa kifupi. Silverado EV ya kazi, WT, haina ukuta unaofunguka kati ya kabini na bodi. RST inao, na ukiufungua pamoja na geti la nyuma unapata nafasi ya futi 10 na inchi 10. Mwenye kubeba mabomba na ngazi aijue tofauti hiyo kabla hajavutiwa na bei. Cybertruck ya bei ya chini iliyouzwa kwa miezi michache 2025, yenye mota ya nyuma pekee, haikuwa na kifuniko cha bodi kinachojiendesha, soketi za bodini, wala springi za hewa. R1T ina bodi fupi la inchi 54, lakini ina handaki la mizigo linalopita nyuma ya viti kutoka ubavu hadi ubavu, zuri kwa vitu virefu vyembamba usivyotaka vilowe.

Hatua ya 3: Kagua vishikizo kwa mkono

Panda bodini. Kwenye Lightning, tazama kwanza vishikizo (sehemu za kufungia mikanda) visivyohamishika vya chini pembeni, halafu bamba za BoxLink ukutani, ambazo hupokea vishikizo vya kuchomeka vinavyofungwa kwa ufunguo. Vile vya kuchomeka ndivyo hupotea kwenye gari lililotumika, na ufunguo wake hupotea zaidi. Vihesabu, vichomeke, vifunge, vivute. Kikicheza baada ya kufungwa, kina takataka ndani au kimechakaa.

Kishikizo kilichopinda hata kidogo kimeshawahi kuzidiwa; kihesabu kama hakipo. Angalia pia alama za kupasuka kwenye bati kuzunguka boliti. Bodi la Lightning ni la alumini, na alumini haisamehi chuma chenye ncha. Kiwango cha kila kishikizo kimo kwenye kitabu cha gari, na namba hiyo ndiyo hutawala: mkanda wa pauni 3,333 ukifungwa kwenye kishikizo cha pauni mia kadhaa, una nguvu ya kishikizo.

Cybertruck hutumia reli zenye matundu. Pete huteleza ndani ya reli na pini yake lazima idumbukie kwenye tundu. Ukiiacha katikati ya matundu mawili itaonekana imekaza, kisha itateleza ukifunga breki. Sikiliza mlio wa pini, kisha vuta pete kwa nguvu mbele na nyuma. Mchanga na kokoto hujaa kwenye reli hizo, kwa hiyo brashi ndogo na maji viwe sehemu ya kazi. Pete yenye miguu miwili ina nguvu kuliko ya mguu mmoja. Kwa kitu kizito usitumie ya mguu mmoja.

Usifunge kwenye plastiki ya ukingo wa bodi, kebo za geti la nyuma, wala vyuma vya taa. Na hili ni la magari ya umeme hasa: usipitishe mnyororo au mkanda chini ya gari kuzungusha fremu, kama wengine wanavyozoea kwenye pikapu za dizeli. Chini huko kuna betri, mota ya nyuma na nyaya za rangi ya chungwa zenye volti za kuua. Kwa sababu hiyohiyo, usitoboe sakafu ya bodi ili kuongeza kishikizo. Kama vilivyopo havitoshi, nunua reli inayofungwa kwenye nafasi zilizotengwa na kiwanda.

Hatua ya 4: Chagua mikanda kwa namba

Kila mkanda wa racheti (wenye kifaa cha kuukazia) una lebo yenye namba mbili: nguvu ya kukatikia na kiwango cha kazi, ambacho ni theluthi moja ya ile ya kwanza. Unayoitumia ni ndogo. Mkanda wa inchi 1 wenye nguvu ya kukatikia pauni 1,500 ni wa kazi ya pauni 500. Wa inchi 2 wa pauni 10,000 ni wa kazi ya 3,333. Mkanda usio na lebo utumie kufungia turubai.

Kanuni za shirikisho za Marekani kwa magari ya biashara zinataka jumla ya viwango vya kazi ifike angalau nusu ya uzito wa mzigo. Mkanda unaopita juu ya mzigo kutoka upande mmoja wa gari hadi wa pili huhesabiwa kiwango kamili. Unaotoka kwenye gari ukaishia kwenye mzigo huhesabiwa nusu. Kwa idadi, kitu kisichozidi futi 5 na pauni 1,100 kinaruhusiwa mkanda mmoja. Kizito zaidi ya hapo, au chenye urefu wa futi 5 hadi 10, mikanda miwili. Hata kama gari lako si la biashara, fuata hesabu hii kama kiwango cha chini, halafu ongeza. Mkanda mmoja hauzuii kitu kuzunguka. Chochote chenye magurudumu, au kirefu kwenda juu, kipe minne.

Kanuni hizo zimetokana na nguvu za barabarani: ufungaji unatakiwa uhimili msukumo wa mbele wa mara 0.8 ya uzito wa mzigo, na mara 0.5 kwenda nyuma na pembeni. Jenereta ya pauni 400 ukifunga breki ghafla inataka kwenda mbele kwa pauni 320. Ndiyo maana ukuta wa mbele wa bodi ni rafiki yako.

Hatua ya 5: Pakia, kisha funga

1. Tandika mkeka wa mpira. Bodi lililopakwa plastiki au lenye maji huteleza, na msuguano ndio hufanya nusu ya kazi ya mkanda unaobana kwa juu.
2. Sukuma mzigo mzito hadi uguse ukuta wa mbele, katikati ya upana. Kwenye bodi fupi, kila sentimita unayorudi nyuma inahamisha uzito kutoka matairi ya mbele kwenda ya nyuma. Ukibakiza pengo, lijaze kwa mbao.
3. Weka kizuizi cha mbao nyuma ya mzigo pia. Sababu iko hatua ya 6.
4. Funga mikanda ya nyuma ikivuta mbele na ya mbele ikivuta nyuma, ikipishana kama herufi X inapowezekana.
5. Tazama pembe. Mkanda uliosimama wima hukandamiza kwa nguvu yake yote. Ukilala hadi nyuzi 30 kutoka sakafuni hukandamiza kwa nusu tu. Mzigo mfupi uliobanwa na mkanda uliolala umeguswa tu. Hapo pitisha mkanda mbele ya mzigo na uuvute nyuma moja kwa moja.
6. Vuta ulegevu wote kwa mkono kabla ya kugusa racheti. Ngoma yake ipate mizunguko miwili hadi mitatu. Pungufu ya hapo mkanda huchomoka. Ikizidi sana mkanda unajibana na haufunguki bila kisu.
7. Weka kinga kwenye kona kali. Mkanda haukatwi na uzito mara nyingi kama unavyokatwa na ukingo wa bati unaousugua safari nzima.
8. Funga ncha zinazoning'inia, kisha sukuma mzigo kwa bega. Gari zima litikisike pamoja nao. Mzigo ukitikisika peke yake, rudi namba 4.

Friji isafiri ikiwa imesimama, mgongo kwenye ukuta wa mbele, mkanda mmoja theluthi ya chini na mwingine theluthi ya juu, na milango ifungwe kwa mkanda wake yenyewe. Usikaze mkanda juu ya mabomba ya nyuma.

Pikipiki kwenye bodi la sentimita 170 italala kimshazari au geti likiwa wazi. Gurudumu la mbele ligote kwenye kona. Vitanzi laini vikae kwenye sehemu ya chini ya usukani iliyo karibu na springi, si kwenye vishikio vya mpira. Kandamiza springi za mbele hadi karibu nusu: ukizimaliza zote utaharibu sili za mafuta, na ukiziacha juu, shimo moja barabarani linazibonyeza, mkanda unalegea, ndoano inachomoka. Mikanda miwili ya nyuma ni ya kuzuia mkia usirukeruke, isikazwe kama ya mbele.

Kilichochomoza nyuma zaidi ya futi 4 kinahitaji kitambaa chekundu au cha chungwa kinachong'aa, inchi 18 kwa 18, kwa kanuni za magari ya biashara. Majimbo yana masharti yake juu ya hapo, hasa usiku, ambapo taa nyekundu huhitajika.

Hatua ya 6: Endesha ukijua gari hili linasukuma mzigo kwa namna yake

Pikapu ya umeme hutoa nguvu yote mara tu mguu unapogusa kanyagio, na ukiinua mguu mota hugeuka breki na kurudisha umeme kwenye betri. Kwa dereva ni raha. Kwa mzigo ni kusukumwa nyuma na mbele kila taa ya barabarani, mara nyingi kuliko kwenye gari la petroli linaloteleza taratibu. Mikanda hulegea mapema. Kwenye Lightning, zima uendeshaji wa kanyagio moja ukiwa na mzigo mrefu au wa kioo, na uondoke taratibu.

Simama baada ya kilomita chache za mwanzo ukaze upya. Mikanda mipya hunyooka na mzigo hukaa chini. Kanuni za malori zinataka ukaguzi ndani ya maili 50 za kwanza, kisha kila maili 150 au saa tatu, lolote litakalotangulia. Kwa bodi la pikapu, kagua pia kila unapochaji, kwa kuwa umesimama tayari.

Mzigo uliokaa chini ya kimo cha kabini haupunguzi masafa sana. Kabati lililosimama linapunguza, na trela refu lenye uso bapa laweza kuyakata karibu nusu. Panga vituo kwa hesabu hiyo.

Tundu la kuchajia la Lightning na R1T liko mbele kushoto. La Cybertruck liko nyuma kushoto, kwa hiyo huingia kituoni kinyumenyume. Ukiwa na mbao zilizochomoza, mtu ashuke aongoze, maana ncha zake zitafika kwenye nguzo ya chaja kabla ya bampa. Vituo vingi ni vya kuingia na kutoka upande uleule, na ukiwa na trela utalazimika kulifungua na kuliacha pembeni. Beba mbao mbili za kuzuia magurudumu yake na kufuli ya ndoano.

Anayefikiria kuipeleka gari nyumbani Afrika Mashariki ajue kwamba zote nne zimeundwa na usukani wa kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia, kwa hiyo usukani huo unafaa. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto, na Kenya haisajili magari ya usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida.